Kazi haba, maji ya kununua, na bado watu wazidi kuingia Mombasa. Kwa nini?

Keateka wa Mishomoroni (mleta uzi)

Wanajamvi, hamjambo nyote.

Kazi yangu ni kuangalia nyumba za watu huku Mishomoroni. Vyumba vya kupanga vya mtindo wa Kiswahili, ukumbi katikati, bafu na choo uani. Chumba kikitoka mtu asubuhi, magharibi kishapata mwingine. Nikiuliza watoka wapi, majibu ni yale yale: Bamba, Kinango, Mwatate, Kitui, na siku hizi hata Tana River. Kodi yapanda, maji twanunua kwa mtungi, kazi ya maana haionekani, na bado waja.

Pale kwenye baraza yetu ya kahawa jibu lishapatikana zamani: vijana wamedanganywa na taa za mji, na jembe hawalitaki. Kila jioni hilo hilo. Mimi sikubaliani. Mvivu hasimami stejini saa kumi na moja alfajiri akingoja fundi aje achague wa kwenda kubeba zege Nyali. Na huyo mnayesema kadanganywa, akija kwangu huwa ashajua bei ya chumba, siku ya kulipa na ubovu wa choo, kwa sababu binamu yake akaa mlango wa tatu.

Sasa nauliza: ni nini hasa kinachomtoa mtu kwao kikamleta hapa? Nataka nisikie waliohama wenyewe na wanaojua historia. La mwenyeji na mkuja tuliache mlangoni.

Tuktuk Bombolulu

Pesa. Uzi ufungwe.

Keateka wa Mishomoroni

Pesa gani ami, na nusu ya wapangaji wangu kodi walipa kwa mafungu?

Binti Ganze

Ngoja nikujibu kaka, maana mimi ni mmoja wao, ingawa sikupanga kwako.

Watu husema "alihama" kana kwamba mtu aliamka siku moja akafunga mzigo. Kwetu haikuwa hivyo. Nilikuwa nimemaliza fomu foo, matokeo ya wastani, karo ya chuo hakuna. Mvua ya mwaka ilikuwa imekosa, na ya vuli ikanyunya ikaondoka. Mahindi yakakauka yakiwa usawa wa goti. Baba, ami zangu na nyanya wakakaa chini ya mwembe wakapanga: kaka mkubwa abaki na mifugo, wa pili aende Malindi kwa mjomba akajifunze ufundi, mimi nije Mombasa kwa shangazi. Akauzwa mbuzi, ikapatikana nauli na viatu. Nilitumwa kama mtoto anavyotumwa dukani: nenda, na urudi na chenji.

Chenji narudisha. Nilianza na kazi ya nyumba Tudor, kisha nikaingia kiwanda cha nguo cha EPZ, lile eneo la viwanda vya bidhaa za kuuza nje, laini ya kushona mifuko ya jinzi. Mshahara ni mdogo, sikudanganyi, na chumba twagawana wawili. Lakini unaingia kila mwezi, na hilo ndilo watu wa mjini hamlielewi kuhusu sisi. Shamba likikubali, kwetu twala vizuri kuliko nyinyi. Likikataa, lakataa kwetu, kwa jirani na kwa jirani wa jirani siku moja, na hapabaki wa kumkopa. Kuanzia mwisho wa 2020 hadi 2022 mvua zilikosa msimu baada ya msimu, mizoga ya ng'ombe ikalala kando ya barabara. Nyumba zilizoweza kujikokota ni zile zilizokuwa na mtu mjini, hata kama mtu mwenyewe anauza maji kwa mkokoteni.

Kwa hiyo hizo taa za mji mimi sizijui. Nijuayo ni ujumbe wa M-PESA mwisho wa mwezi, na simu ya mama kesho yake kusema umefika.

Mwana wa Majengo

Yote sawa, lakini semeni na ukweli mwingine. Wabara na watu wa mashamba wamejaa mpaka sisi wana wa mji hatuna pa kupumulia. Gatini mkuja, hotelini mkuja, hata mahamri ya asubuhi nauziwa na mkuja.

Bi Mkubwa wa Kuze

Na hayo mahamri wayala, mwanangu? Basi nyamaza ule.

Hebu niambie, wewe ni wa taifa gani katika Thenashara, yale mataifa kumi na mawili ya Waswahili wa Mombasa? Wenyewe wa mji huu twajigawa Thalatha Taifa na Tisa Taifa, na ukizitaja hizo Tisa utasikia Wakilifi, Wamtwapa, Wapate, Wafaza, Washaka. Hao walikuwa na miji yao. Ikavunjika, au ikadhoofika, wakaja kisiwani kutafuta usalama na biashara. Pate na Faza ziko wapi? Si Lamu huko? Basi tofauti yenu na huyo wa Bamba ni kwamba nyinyi mlitangulia, mkaja kwa dau. Yeye kaja kwa matatu.

Keateka wa Mishomoroni

Shikamoo Bi Mkubwa. Kesho nawapelekea baraza hilo la dau.

Mwalimu wa Kaloleni

Nataka nimsaidie Tuktuk, maana hakukosea, alifupisha tu.

Mwaka 1970 wachumi wawili, John Harris na Michael Todaro, walichapisha makala iliyouliza swali hili hili: mbona watu waendelea kuingia mjini na huku mji umejaa wasio na kazi? Kenya ilikuwa mojawapo ya mifano waliyoifikiria. Jibu lao ni kwamba mtu hapimi shamba lake kwa mshahara wa mjini peke yake. Hupima na uwezekano wa kuupata huo mshahara. Tuseme kilimo na mkaa vyampa elfu sita kwa mwezi, na kazi ya kudumu mjini ni elfu kumi na sita. Hata kama nafasi ya kuipata ni nusu kwa nusu, kichwani mwake inatoka elfu nane, na elfu nane ni zaidi ya sita. Apanda gari. Kwa hiyo kumwambia "mjini hakuna kazi" hakumzuii. Hilo alijua kabla hajapanda, na alishalipigia hesabu.

Sasa angalia linaloumiza. Ukiongeza ajira mjini bila kugusa kijiji, waweza kuongeza wasio na kazi pia, kwa sababu umepandisha ile nafasi na waliokuwa wakisita wameamua. Kenya tulishaliona. Mwaka 1964 serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi walikubaliana: waajiri waandike watu zaidi, vyama navyo visimamishe migomo na madai ya nyongeza. Habari zikafika mashinani, watu wakamiminika kujiandikisha, na foleni haikuisha.

Nikiwakosoa hao wachumi, wao walimfikiria mtu mmoja na kichwa chake. Binti Ganze ametuonyesha kikao kizima chini ya mwembe, na kikao hicho hakikutafuta mshahara mkubwa zaidi. Kiligawa watoto watatu sehemu tatu ili ukame, ugonjwa au kufutwa kazi visiwakute wote pamoja. Ndiyo maana hata mwenye shamba zuri hupeleka mtoto mjini.

Tuktuk Bombolulu

Mimi nimesema pesa, mwalimu kaandika ukurasa mzima kusema pesa. Wacha nipeleke abiria, narudi.

Hesabu Kwanza

Ami wa Majengo, kabla hujalia tena tuangalie sensa. Mwaka 1969 Mombasa ilikuwa na watu 247,073. Mwaka 1999, watu 665,018. Mwaka 2019, watu 1,208,333. Yaani karibu mara tano kwa miaka hamsini, na hapo kila mtu hupiga kelele kwamba mashamba yote yamehamia hapa.

Lakini Kenya nzima ilikuwa na watu milioni 10.9 mwaka 1969, na milioni 47.6 mwaka 2019. Hiyo ni zaidi ya mara nne. Mombasa imekua haraka kuliko nchi, ndiyo, ila si kwa mwanya mkubwa hivyo. Sehemu kubwa ya hao watu wamezaliwa, hapa hapa au kwingine, kwa sababu watoto waliacha kufa ovyo. Ukiona msongamano Kongowea usidhani wote wameshuka kwenye basi.

Kuna na mtego wa mipaka. Mtwapa ni Kaunti ya Kilifi, Ukunda ni Kwale, na Mariakani nayo iko nje ya Mombasa. Maelfu wanaofanya kazi zao mjini wahesabiwa huko. Mji umewafuata watu mashambani na wala hawakuhama.

Na kwa Mwalimu: kabla ya hao wawili kulikuwa na Ravenstein, aliyesoma sensa za Uingereza na kuandika mwaka 1885 kwamba wengi wanaohama huenda masafa mafupi, na kwamba katika safari hizo fupi wanawake huhama kuliko wanaume. Ganze hadi Tudor. Alikuwa akimuandika Binti bila kumjua.

Mzee wa Gati

Mwaongea kana kwamba haya yameanza na simu.

Kwanza mjue wazee wetu wengi hawakuutaka huu mji. Reli ilianzwa hapa Mombasa mwaka 1896, ikafika Kisumu 1901. Waingereza wakataka watu wa kuchukua mizigo na kufanya kazi kwenye mashamba yao makubwa, wakamkuta Mgiriama ana mahindi yake, auza ziada, hana haja na bwana. Wakaleta kodi ya nyumba, ilipwe kwa sarafu. Sarafu haioti shambani. Walipotaka na vijana kwa nguvu, mwaka 1913 Mekatilili wa Menza, mwanamke wa Kigiriama, akawaapisha watu wakatae. Akakamatwa akapelekwa Kisii, na 1914 Kaya Fungo, kaya takatifu ya Wagiriama, ikalipuliwa kwa baruti. Ukiniuliza ni nini kilichomtoa Mgiriama na Wamijikenda wenzake shambani mara ya kwanza, nitakujibu kodi, na nyuma ya kodi bunduki.

Marehemu baba alikuwa mchukuzi gatini miaka ya arobaini. Watu wa wakati wake walikuwa wameuvumbua ujanja mmoja mzuri sana. Kazi ya bandari ya Kilindini ilikuwa ya kutwa: meli ikija waenda, usipotaka huendi. Basi mtu wa Rabai au wa Ribe hufanya siku za kumtosha kodi, chumvi na nguo, kisha arudi kwao kupalilia. Mkewe yuko shambani, yeye yuko njiani, na mji haukumshika. Wakubwa wa kizungu walichukia mtindo huo, wakauita uvivu, na naona baraza ya Mishomoroni imeurithi mdomo huo.

Kisha vikaja vita vya pili. Bei za vitu zikapanda, vyumba vya Majengo vikajaa watu hadi ukumbini, mshahara ukabaki pale pale. Januari 1947 mji ukagoma. Watu kama elfu kumi na tano: bandari, reli, hoteli, hadi wapishi wa majumbani. Chege Kibachia ndiye aliyeibuka kuwa kiongozi wao, na mwaka huo huo serikali ikamkamata, ikamzuilia Baringo kwa miaka mingi. Mishahara iliongezwa. Lakini miaka ya 1950 bandari nayo ikabadili utaratibu: vibarua wa kutwa wakasajiliwa, wakapunguzwa, wakatakiwa watu wa kudumu wanaokaa mjini na jamaa zao. Mwenye mguu mmoja huku na mmoja kule akalazimika kuchagua. Baba alichagua gati, ndiyo maana mimi nilizaliwa Changamwe na sijui kukama mbuzi.

Sasa huyo binti akisema yuko mjini lakini nyumba yake iko Ganze, mimi namuona karudia kazi ya wazee. Tofauti ni kwamba wao walipeleka pesa kwa miguu.

Mdigo wa Msambweni

Mzee ametaja kodi, mimi nitaje ardhi, kwa sababu pwani huwezi kueleza kuhama bila kuigusa.

Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliwataka watu wa ule ukanda wa pwani wa maili kumi wa Sultani wa Zanzibar wajitokeze kudai ardhi yao. Ilimtambua mtu mmoja mmoja, mwenye karatasi na mashahidi. Ardhi ya ukoo haikuwa na mlango wa kuingilia. Ile ambayo haikudaiwa ikawa ya serikali ya kikoloni, na babu zetu wakalala wenyeji wakaamka maskwota. Hadi leo kuna vijiji vizima ambavyo mwenye hati yuko mbali, au amekufa, au haijulikani ni nani.

Watu hufikiri tatizo la skwota ni kufukuzwa. Kufukuzwa hutokea, ndiyo, lakini linalommaliza kila siku ni la kimya zaidi: hawezi kupanda kitu cha kudumu. Mnazi hungojwa miaka, mkorosho na mwembe vivyo hivyo, na wenye ardhi wengi walikataza kabisa skwota asipande mti, kwa kuwa huku kwetu mti ni dai. Basi apanda mahindi na kunde, vitu vya msimu, na vitu vya msimu ndivyo mvua humalizia hasira. Unganisha hilo na aliyosema Binti Ganze.

Na mashamba hayo hayo yalikuwa na viwanda. Cha sukari Ramisi kilifungwa 1988, cha korosho Kilifi kikaanguka miaka ya 1990. Mimi nilikuwa mdogo Ramisi ilipofungwa, nakumbuka ami zangu wakivuka feri ya Likoni kuja mjini mmoja baada ya mwingine. Na Desemba 2024 mgodi wa titani wa Kwale ulisimamisha uchimbaji. Ngojeni muone foleni ya feri.

Keateka wa Mishomoroni

Mdigo umenigusa pabaya. Mnajua hizi nyumba ninazoziangalia nyingi ni za mtindo wa nyumba bila ardhi? Wa bara hawaielewi hii, kwa hiyo nieleze. Mwenye nyumba amejenga yeye, vyumba ni vyake, kodi aichukua yeye, lakini kiwanja ni cha mtu mwingine na yeye humlipa ijara ya ardhi. Mtaa wa Majengo wa zamani umejengwa hivyo, na ndivyo Mombasa ilivyopata vyumba vya bei nafuu, maana mtu wa kawaida angeweza kujenga bila kununua kiwanja.

Basi mpangaji wangu kutoka Kilifi amekimbia ardhi isiyo yake, amepanga kwa mtu ambaye ardhi si yake.

Mdawida

Kwetu Taita hamjauliza. Zaidi ya nusu ya kaunti yetu imo ndani ya mbuga za Tsavo. Ndovu huvuka usiku, asubuhi mahindi hakuna, na fidia ni hadithi ndefu. Kijana akikesha shambani na tochi na debe msimu mzima kisha bado akaambulia mabua, mwambie wewe abaki.

La pili. Chemchemi za Mzima ziko kwetu, na bomba la kuja Mombasa limekuwako tangu miaka ya 1950. Kuna vijiji vimepitiwa na bomba hilo na wenyewe huchota mbali. Maji yametangulia kuhamia mjini, sisi tumeyafuata.

Mwana wa Majengo

Na bado hapa twayanunua kwa mtungi! Mwaona sasa? Hayo maji yenu hatujayaona.

Mdawida

Basi twalia pamoja ndugu yangu.

Mchonyi wa Mtwapa

Kuna sababu moja watu wataizunguka hadi uzi uishe, nayo ni hofu.

Kijana wa kwetu Kilifi akipata pesa kidogo hathubutu kuezeka bati kijijini, anaogopa macho. Huweza kuwa mawazo tu, sibishani na mtu, lakini anayeogopa huhama kweli. Na upande wa pili ni mbaya zaidi: wazee wameuawa kwa kisingizio cha uchawi, na ukifuatilia kesi nyingi wakuta chini yake kuna shamba linalogombaniwa na watoto wa nyumba moja. Kule Ganze kuna kituo cha kuwahifadhi, Kaya Godoma, na wazee wakaa humo na wana wanao. Wengine hawakwenda kituoni, wamekuja kuishi na binti zao Kisauni na Likoni. Mzee wa miaka sabini ndani ya chumba kimoja na wajukuu. Huyo naye sensa humwandika kama aliyehamia mjini.

Kwa hiyo tusipake mashamba rangi nzuri sana kwa sababu ya hasira na mji. Mwanamke aliyefiwa na mume akanyang'anywa shamba na shemeji zake, kwake Mombasa ni mahali pasipo na shemeji.

Mkamba wa Miritini

Dada yangu mkubwa alikuja hivyo hivyo, kutoka Kitui. Asante kwa kulisema.

Tuktuk Bombolulu

Nimerudi. Sasa na mimi niseme la maana, maana mwanidharau.

Mnasema watu waja, hamsemi watu huondoka. Mimi nilikuwa hotelini Shanzu, idara ya usafi. Machi 2020 wageni wakaisha, tukaambiwa likizo bila mshahara. Wenzangu waliokuwa na kwao waliondoka mapema, kwa sababu Aprili Mombasa, Kilifi na Kwale zikafungwa, hakuna kuingia wala kutoka. Waliofika mudzini, yaani kijijini kwao, walikula mihogo, wakapumzika na kodi. Mimi baba yangu alishauza kiwanja cha kwao zamani, sikuwa na pa kwenda. Nikabaki na keateka mlangoni akidai kodi (si wewe, mwingine). Baadaye ndipo nikaingia kwenye tuktuk ya mtu.

Na kabla ya hapo, mizigo ya bandari ilipolazimishwa kupanda treni ya SGR, hapo Changamwe na Miritini palikuwaje? Madereva wa malori, makanika, wauza chai, mama wa chakula. Watu wakahama Mombasa kwenda kutafuta Nairobi na kwingine, wengine wakarudi kwao. Amri ikaondolewa Septemba 2022, na baadhi nikawaona tena stejini. Kwa hiyo mtu hufuata kazi, na kazi hufuata amri ya mtu ambaye hakai Bamba wala Changamwe.

Ila nililojifunza ni hili: aliyehama na akaacha kwao pakiwa wazi ndiye aliyeweza kuvumilia 2020. Wanaouza shamba lote ili waje wanunue pikipiki, tafadhali msiuze lote.

Mwalimu wa Kaloleni

Tuktuk, hilo lako la mwisho nitalipeleka darasani.

Mama Kinango

Nimesomewa yote haya na mwanangu, nami namwambia aandike.

Mume wangu yuko Changamwe. Mwasema anayekwenda, anayebaki hamjamtaja. Akiondoka mwanamume, kazi zake haziondoki naye. Kuchunga, kupalilia, kwenda kwa chifu, kukaa kikao cha shule, yote nimeyashika, na bado mbuzi akiugua lazima nipige simu kuuliza kama nimuuze. Mtandao ukikosekana mbuzi hufa. Nilichoka, nikamwambia: mifugo midogo nitaamua mimi, ng'ombe tutaamua wawili. Alikataa, kisha akakubali.

Mwasema pesa za mjini. Zaja, na si nyingi. Lakini mwajua hufanya nini? Hulima. Kabla hajaenda tulikuwa twalima kwa mkono kipande kidogo, mvua ikituacha katikati. Sasa nalipa trekta, ekari mbili zalimwa mapema, mbegu zangoja ardhini mvua ije. Mwaka mvua ilipokubali nilipata magunia ambayo babake hakuwahi kupata akiwa hapa na jembe lake. Kwa hiyo wanaosema wakienda mjini shamba hufa, langu limefufuka kwa pesa ya gati. La jirani limekufa, kwa sababu wa kwake hatumi. Tuliona mji mmoja, mashamba mawili.

Waniuliza kama nataka arudi. Nataka, tukishachimba kisima. Kwa sasa akirudi atanisaidia kungoja mvua tu.

Binti Ganze

Mama, umenena yote. Trekta huko kwenu ni pesa ngapi kwa ekari? Sisi bado twalima kwa ng'ombe wa kuazima.

Mama Kinango

Elfu tatu na nusu ukiwahi. Mvua ikishaanza hupanda, na mwenye trekta haonekani, kila mtu amwita. Kama una wa kukusimamia huko Ganze, tuma mwezi wa pili. Usingoje wa nne. Na umtumie mama yako, usimtumie kaka.